Mikono ya Mtihani

Wifi yangu hajawahi kukalia dawati la mtihani wowote wa maana, lakini alikuwa na gauni la mtihani. Lilikuwa la kijani iliyokolea, la mikono mifupi, na mbele lilikuwa na vifungo vikubwa ambavyo mtu mwenye vidole vyake angevifunga huku akipiga miayo. Yeye alinihitaji mimi nimfungie. Lilining'inia nyuma ya mlango likiwa limefunikwa kwa mfuko wa nailoni, na halikuvaliwa harusini wala penginepo. Lilitoka mara moja kwa mwaka, siku ambayo hospitali kuu iliwatahini madaktari wanaosomea ubingwa bobezi wa baridi yabisi na maradhi ya viungo. Siku hiyo mikono ya wifi yangu ndiyo iliyokuwa swali.

Naandika habari zake nikiwa na hasira. Ilinishika mwanangu wa pili akiwa bado mgongoni. Sasa anatembea na kuficha viatu vya watu, na hasira bado iko palepale. Shule yangu iliishia msingi, kwa hiyo atakayekuta neno nimeliweka vibaya anisamehe. Lakini nilichokiona nilikiona.

Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu. Nilipoolewa nilimkuta msusi, na kibaraza chake kiko ubavuni mwa nyumba: kigoda kifupi cha mteja, kiti chake kirefu, kopo la vitana, na kioo kilichopasuka pembeni. Kioo hicho hakukitupa. Alisema kinamsaidia, mteja hajitazami sana kabla kazi haijaisha. Watu walimwita Mkono Mwepesi. Wako wasusi wanaokuvuta ngozi ya kichwa mpaka macho yanapanda, ukirudi nyumbani mtoto wako anakukimbia. Kwake watoto walilala katikati ya magoti na kuamka wamesukwa. Maneno pia hakukosa. Mteja akimwambia abane vizuri nywele zikae, anamjibu kwamba yeye anabana nywele tu, mume ajibane mwenyewe.

Mimi alinipokea kwa utani siku ileile ya kwanza. Alinigeuza kichwa huku na huku kama anayechagua nazi, akatangaza mbele ya watu kwamba kaka yake ameoa sura, nywele ameachiwa yeye azitafute. Nikamjibu kwamba azitafute taratibu, mimi siendi popote. Kuanzia hapo tukawa mawifi kweli.

Ugonjwa wake ulikuwa umeanza kabla yangu, na ulianzia asubuhi. Aliamka vidole vimekakamaa kama vijiti, na mpaka jua lichomoze sawasawa ndipo vinalegea. Akawa analoweka mikono kwenye maji ya moto kabla mteja wa kwanza hajafika, akiwaambia wateja kwamba ni usafi. Watu wakampa sababu za kila aina. Wengine walisema ni maji baridi ya kuoshea nywele. Wengine walisema ni msusi mwenzake wa mtaa wa pili, kamtupia kitu. Kwenye zahanati walimpa vidonge vya maumivu na ushauri wa kubadilisha kazi, kana kwamba kazi ni kanga. Mume aliyekuwa naye wakati ule alivumilia msimu mmoja, kisha akaondoka akilalamika kwamba nyumba yote inanuka dawa ya kuchua.

Hadi alipofika kwa Profesa, bingwa wa viungo wa hospitali kuu. Hapa lazima niseme haki, maana hasira isiyosema haki ni kelele tu. Profesa aliikamata mikono yake, akavibana vifundo vya vidole pamoja mara moja, akamuuliza asubuhi zake zikoje, kisha akamtajia ugonjwa wake kwa jina. Akamwambia si maji, si mtu, ni mwili wenyewe unajipiga. Wifi alilia pale kwenye kiti. Alikuwa amebeba tuhuma ya jirani yake moyoni kwa miaka, na huyu mtu aliitua kwa maneno machache. Akampa vidonge vya njano, vya kumeza mara moja kwa wiki, kila Ijumaa baada ya chakula. Mikono ikarudi, au tuseme ilikaribia kurudi, kwa sababu baadhi ya vidole vilikuwa vimekwisha kulala upande kama mche ulioota kivulini ukalifuata jua. Akarudi kibarazani.

Na mwaka uleule wakamwita kwenye mtihani.

Mara ya kwanza alifurahi. Walimpa chai na nauli, wakamketisha kitandani, na Profesa akamtambulisha kwa wageni wake kwamba huyu ndiye mwalimu wetu. Neno hilo alikuja nalo nyumbani kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa. Nilimsikia akiwaambia wateja, akimwambia muuza mkaa, akimwambia kaka yake aliyekuwa hata hasikilizi: mimi ni mwalimu wa madaktari. Gauni la kijani alilishonesha kwa ajili ya mwaka wa pili.

Mwaka wa pili simu ilikuja na sharti. Sista wa kliniki alimwambia kwa upole kwamba mikono yake imepata nafuu mno. Kwa hiyo, mwezi mzima kabla ya mtihani, aviweke kando vidonge vya njano, na wiki ya mwisho asimeze hata vya maumivu, ili ugonjwa uonekane. Mtihani wa uvimbe usio na uvimbe, sista akacheka, ni sawa na mtihani wa kuogelea pasipo maji.

Mimi nilikuwa bado mgeni kwenye nyumba ile. Nikanyamaza. Nikadhani wakubwa wanajua wanachofanya.

Ikawa desturi. Kila mwaka, msimu ukikaribia, wifi anaacha dawa, mikono inavimba kama unga uliochachuka, gauni linatoka kwenye mfuko wake. Mwaka niliokuwa mjamzito nilimsindikiza kwa mara ya kwanza, ndipo nikajua kinachofanyika. Kengele inalia, daktari anaingia, anashika kiungo kwa vidole gumba viwili na kubonyeza. Sista alinieleza kwamba wamefundishwa wabonyeze mpaka ukucha wao wenyewe ugeuke mweupe, wasipite hapo. Ni kipimo cha watu waungwana. Lakini akitoka huyo anaingia mwingine, na mwingine, viungo vilevile, uvimbe uleule. Kila mmoja anabonyeza kwa kiasi. Hakuna anayejumlisha.

Nikamrudisha nyumbani siku ile, akakaa ukingoni mwa kitanda na gauni lake, nami nikamfungua vifungo kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa umegeuka wa rangi ya jivu, na bado akanisimulia kwamba yule wa mwisho alikuwa mzuri, atafaulu.

Alirudi kwenye vidonge vyake. Mikono ikapoa, isipokuwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Hicho hakikurudi. Kilibaki kimejikunja pale katikati, na ndicho kidole kinachogawa nywele. Msusi asiye na kidole hicho ni kama fundi asiye na rula.

Kisha nikajifungua. Wifi alikuja chumbani, akanawa, akakaa vizuri, akampokea mtoto. Hakukaa naye hata kitambo, akanirudishia, akasema huyu mzito, kamfuata baba yake kwa ubishi. Alikuwa mtoto mdogo kuliko wenzake wote wodini. Nilimtazama wifi akitoka, nami nikaapa moyoni kwamba mwaka huu sitanyamaza.

Simu ya mwaka huo ilimkuta kibarazani, mikono imo kichwani mwa mtu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemshikia sikioni na nikasikia kila kitu. Profesa anakusalimu sana, sista alisema. Mwaka huu watahiniwa wanatoka mbali, na kuna mtahini mgeni, mama mtu mzima mwenye jina lake, basi tungependa mikono izungumze. Usisahau, mama, vile vya njano uviweke kando kidogo. Alisema kidogo. Mwezi mzima unaitwa kidogo ukiwa mwilini mwa mtu mwingine.

Nilikata simu nikamwambia, "Wifi, usikubali."

"Nikikataa, nani ataniandikia dawa?"

"Dawa ni za hospitali. Si za kwake."

"Wewe mtoto," akasema, akiendelea kusuka polepole. "Ukichota kwenye kisima cha mtu, humfundishi kufunga kamba. Na huyu ndiye aliyeniambia sikurogwa."

"Na kidole je, alikirudisha?"

Mteja aliyekuwa chini akajifanya anasinzia. Nilijua nimevuka mpaka, lakini sikurudi nyuma, na wala sikuomba radhi.

Ijumaa ya kwanza alivimimina vidonge kiganjani, akavitazama, akavirudisha kwenye kopo lake. Katikati ya wiki iliyofuata alikuja binti mmoja aliyekuwa na usaili wa kazi kesho yake asubuhi. Alitaka mistari myembamba. Wifi alianza vizuri, upande wa kushoto ukaisha, akafika utosini, vidole vikakataa. Akavinyoosha, akavipuliza, akavikalia. Vikakataa. Nilijaribu kumalizia mimi, lakini mistari yangu ikaonekana kama njia ya mlevi karibu na ile yake, ikabidi niifumue. Binti yule hakutukana. Afadhali angetukana. Alifunga kitambaa juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akasema hakuna neno dada, ataomba wamruhusu akivae. Akaenda.

Wifi alikaa akikitazama kigoda kitupu. Kisha akasema, "Niletee vile vya njano."

"Leo si Ijumaa."

Akacheka, kicheko cha puani. "Basi Ijumaa unikumbushe. Hata nikikutukana."

Ijumaa nilimkumbusha, naye akanitukana kama tulivyokubaliana. Aliniita mke wa kaka asiye na adabu, mkia wa nyumba, na mengine. Kisha akameza. Ijumaa iliyofuata akameza bila kutukana.

Lakini hospitali hakuiambia. Mwenye nguvu mpishe, alisema. Tutakwenda, tutakaa kimya, watabonyeza watakachobonyeza. Sikuelewa ni hofu ya kiasi gani alikuwa nayo mpaka asubuhi ya mtihani yenyewe. Nilimkuta kwenye karo la kuoshea vyombo, gauni la kijani limeshavaliwa, na vifungo viwili vya chini kavifunga mwenyewe. Nilitaka kushangilia vifungo vile. Kisha nikaona anachofanya. Alikuwa anaigonga migongo ya mikono yake kwenye ukingo wa karo, taratibu, kama mtu anayepiga nguo.

Nikamshika. Nikamuuliza anafanya nini.

"Angalau iwe myekundu kidogo," akasema. "Wasione nimewaaibisha."

Nilimshika pale pale mpaka alipotulia. Mtoto mgongoni akashika kola ya gauni lake na kuivuta, tukasimama watatu kama waliofungwa pamoja. Mpaka leo nikiosha vyombo kwenye karo lile napata hasira upya. Mtu mzima, mwanamke aliyesuka nusu ya vichwa vya mtaa huu, anajipiga ili ugonjwa wake ufanane na majibu ya mtu mwingine.

Tulifika mapema. Vitanda vilikuwa vimepangwa kwenye ukumbi mmoja, kila kimoja na pazia lake. Wifi alikuwa kitanda cha tatu. Kwa kuwa alihitaji msaada wa kupanda na kushuka, sista aliniruhusu nikae nyuma, kwenye stuli iliyokuwa kati ya pazia na ukuta, mradi mtoto asilie. Kabla hawajaanza nikatoka kumbadilisha nepi chumba cha maji, na wakati wa kurudi nikapita walipokusanyika watahiniwa. Mmoja wao, kijana mwenye viatu vilivyong'aa kuliko paji lake la uso, alikuwa anawaambia wenzake kwa sauti ya chini. Kitanda cha tatu ni yule msusi wa kila mwaka. Mikono imewaka. Mseme uvimbe, mseme joto, mseme mtaongeza dawa, mpite.

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wenye wasiwasi. Katikati yao alikuwepo daktari mmoja wa kike tuliyemfahamu. Sisi wa kwenye benchi la kliniki tulimwita Daktari Pole, kwa sababu hakushika kiungo cha mtu bila kwanza kusema pole, na alisugua viganja vyake vipate joto. Naye alikuwa amesikia. Hakucheka.

Kengele ikalia. Nikaanza kunyonyesha nyuma ya pazia, nikichungulia kwenye upenyo.

Profesa alikuwa amekaa upande wa miguuni, na mtahini mgeni, yule mama mtu mzima, pembeni yake. Kabla ya kuanza mama yule aliuliza kama wangeipima mikono wao wenyewe kwanza. Profesa akamwambia hana haja ya kujisumbua, mikono hii anaijua kama yake. Karatasi ya majibu ilikuwa tayari mapajani.

Wa kwanza kuingia alikuwa yule wa viatu. Alimsalimia Profesa, akamsalimia mgeni, aliye kitandani asimsalimie. Akabonyeza huku na huku kama anayejaribu kengele ya mlango ambao anajua hakuna mtu, kisha akaanza kusoma kutoka kichwani. Uvimbe laini kwenye viwiko vya mikono na vifundo vya vidole. Joto. Ugonjwa unawaka. Angeongeza dawa.

Nikaitazama mikono ile. Ilikuwa imelala juu ya shuka, mikavu, imetulia. Vidole vimepinda, ndiyo, kama vilivyokuwa vimepinda jana na mwaka jana, lakini uvimbe haukuwepo. Asubuhi hiyohiyo mikono ile ilinifungia mtoto mgongoni. Profesa akatikisa kichwa kukubali, akatia alama.

Akaja wa pili, akasema uvimbe. Akaja wa tatu, akasema uvimbe na joto, akaongeza na wekundu, na huo huenda ulikuwa wa karo. Jamani, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Hawa ni watu waliosoma mpaka vitabu vikawachoka, wamekishika kiungo cha mtu kwa mikono yao miwili, na walichokigusa ni maneno ya kwenye korido. Nami nilimwona wifi akijikunyata kila alama ilipotiwa, kwa sababu sasa alikuwa anafahamu kwamba uongo ule unapita juu ya mwili wake.

Kisha akaingia Daktari Pole.

Akasalimia kitanda kwanza. Akasugua viganja, akasema pole mama, akaanza. Alikwenda kiungo kwa kiungo, gumba na gumba, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Paji la uso wake likatoa jasho. Profesa akaitazama saa.

"Vidole vimepinda," hatimaye akasema. "Lakini uvimbe sikuuona, Profesa. Moto ulishazimika. Ninachokiona hapa ni majivu yake."

"Tazama tena."

"Nimetazama mara mbili."

"Ungeongeza dawa?"

"Hapana. Ningeziacha zilezile, maana inaonekana zinafanya kazi." Akamgeukia wifi. "Mama, dawa zako unazimeza?"

Profesa akasema kwamba kwenye kitanda hiki mgonjwa haulizwi. Hiyo ilikuwa kweli, sista alikuwa ametuambia. Mgonjwa ni mikono tu.

Niliona mgongo wa wifi ukikakamaa. Nilijua anachokipima. Akinyamaza, mlango wa dawa unabaki wazi, na binti huyu anaanguka kwa kusema kweli. Akisema, Profesa anajua mbele ya mgeni wake kwamba hakutiiwa. Mtoto aliacha ziwa akanitazama.

"Nimemeza," wifi akasema. "Niliruka Ijumaa moja tu. Nikashindwa kusuka, nikarudia kumeza."

Profesa akavua miwani. "Mama, tulikubaliana nini?"

Alisema kwa sauti ya chini, ya mzazi aliyefedheheshwa na mtoto mbele ya wageni. Na hapo ndipo mtahini mgeni alipogeuka.

"Mlikubaliana nini?" akauliza.

Mama yule akasimama, akavuta mikono ya gauni lake juu, akaja akaipima mikono ya wifi mwenyewe. Akamaliza. Akaichukua karatasi mapajani mwa Profesa na kuisoma, akaitazama tena mikono, kisha akamwambia Daktari Pole kwamba anaweza kutoka.

Ningependa niishie hapo. Ingekuwa hadithi nzuri, na watu wangepiga makofi. Lakini kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Walijifungia chumba cha pembeni kwa muda, na sisi tukaletewa chai ambayo wifi hakuigusa. Kisha sista akaja kutuambia kwamba kitanda cha tatu kimefutwa.

Nikamuuliza kimefutwa vipi. Akasema alama zake hazihesabiwi, za yeyote. Waliosema uongo hawakupoteza kitu, na aliyesema kweli hakupata kitu, basi wote sawasawa. Na kuhusu mikono ya wifi yangu, miaka yote ile ya kuacha dawa, kidole kile, hakuna aliyetoka chumba kile kusema hata samahani. Walijadili kitanda. Mtu aliyekuwa juu yake hawakumjadili. Profesa alipita koridoni, akatusalimia kwa kichwa kama mtu anayewasalimia wapangaji wa zamani.

Daktari Pole alikuja kabla hatujaondoka. Alimsaidia wifi kuvaa viatu, akasema asante mama, na wifi akamjibu kwamba asante haifungi viatu, avute kamba vizuri. Wakacheka wote wawili. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nalia, nikisingizia mtoto kanipiga jichoni.

Baadaye tulikuja kujua kwamba hakufaulu. Kwenye vitanda vingine alipungukiwa alama kidogo, na kile kilichofutwa ndicho kingemnyanyua. Anarudia mwaka mzima. Yule wa viatu alifaulu. Leo hii ni bingwa bobezi mahali fulani, na kuna watu wanampelekea mikono yao. Daktari Pole alitusimulia bila uchungu, huku akisugua viganja. Mimi uchungu wake niliuchukua nikaenda nao nyumbani.

Na ule mlango ambao wifi aliuogopa miaka yote? Tulikwenda kliniki iliyofuata roho mkononi. Profesa aliandika dawa bila kuinua macho, akasukuma karatasi mbele. Basi. Ikawa hivyo hivyo kliniki zote zilizofuata. Hakumfukuza, ila hakumwita tena mwalimu, wala hakumwita tena kwenye mtihani. Nilitegemea wifi afurahi. Lakini msimu ulipokaribia nilimwona akilishusha lile gauni la kijani, akalipiga pasi vizuri, akalirudisha nyuma ya mlango. Sikumuuliza. Kuna vitu mtu huvikosa hata kama vilikuwa vinamla.

Vidole vyake havijawa vipya, wala havitakuwa. Lakini anasuka. Binti yangu mkubwa hulala katikati ya magoti yake kama walivyolala watoto wa watu, na kwa kidole kile kilichojikunja wifi amebuni namna ya kugawa nywele kwa mkia wa kitana. Anasema ni mtindo mpya, wateja wa kisasa wanaupenda. Mdogo naye anabebwa na shangazi yake, ananung'unika akishushwa.

Juzi tulikuwa kliniki, ilikuwa Ijumaa. Kwenye benchi tulimkuta seremala mmoja tunayemfahamu, mtu mkimya, mwenzetu wa siku zote. Siku hiyo alikuwa na maneno. Alikuwa amevaa koti. Akatuambia kwamba mwaka huu wamemchagua yeye, kwamba Profesa mwenyewe amemwita mwalimu. Alikuwa ametoka dirisha la dawa na pakiti yake ya vile vidonge vya njano ilikuwa mapajani, kwa sababu viganja vilikuwa vimevimba asiweze kuishika. Akacheka, akasema hivi ameambiwa aviweke kando kidogo.

Nikafungua mdomo, wifi akanigusa goti ninyamaze. Nikadhani ameamua kumpisha mwenye nguvu kama zamani.

Akasogea kwenye benchi mpaka wakakaa bega kwa bega. Akatoa chupa yetu ya maji kwenye kikapu, na kifuniko akakifungua mwenyewe, polepole, kidole kibovu kikiwa kimeelekea pembeni. Akamnyooshea.

"Ijumaa leo, kaka," akamwambia. "Meza. Waache wajifunzie mikono iliyopona."

Seremala akautazama mlango wa Profesa. Akautazama mkono ulioshika chupa. Wifi hakuurudisha, ingawa nilijua uzito ule unamuuma, na watu kwenye benchi walikuwa wameanza kutuangalia. Kisha yule mwanamume akainama, na kwa kuwa vidole vilimkatalia, akaichana pakiti kwa meno.